Mifupa Katika Ntumba za Felisiani

Kabula alikulia kwenye nyumba ambayo mtu haondoki mbele ya mnyama anayekula. Baba yake, mfugaji aliyeswaga ng'ombe kutoka Usukuma akateremka nao hadi bonde la Rukwa, alikuwa akimpa mbwa kipande cha nyama mbichi halafu anasimama pale pale, fimbo begani, mpaka aone koo limepanda na kushuka. "Kilicho mdomoni si chakula," alikuwa akisema. "Chakula ni kilichopita kooni." Watoto wenzake walicheka. Kabula hakucheka, lakini hakudhani kwamba neno lile lingekuja kumtafuta huku juu Ufipa, kwenye baridi, akiwa mke wa mtu na mtoto mgongoni.

Aliolewa na Zenon, Mfipa wa kijiji kimoja pembeni ya Chala. Alibatizwa, akafunga ndoa kanisani, akajifunza kulima kama wenyeji, na hilo la kulima ndilo lililomshangaza kuliko yote. Kwao shamba lilipigwa matuta marefu yaliyonyooka. Huku, mvua zinapoelekea kukoma, watu wanakusanya nyasi mafungu mafungu, wanazifunika kwa udongo, mpaka shamba zima linajaa vilima vidogo vya mviringo ambavyo wenyewe wanaviita ntumba. Nyasi zinaozea humo kiangazi chote. Mvua za kwanza zikishuka, ntumba zinapasuliwa, mbolea inatawanywa, na watu wanapanda ulezi na mahindi. Kabula aliziona mara ya kwanza asubuhi ya ukungu. Alisimama njiani akafanya ishara ya msalaba, kwa kuwa alidhani ni makaburi.

Mama mkwe wake, Mama Coleta, alicheka mpaka akakaa chini kwenye umande. "Mwanangu, tungekuwa tumekufa wengi hivyo, nani angelima?"

Tangu siku ile walipendana. Mama Coleta alikuwa mjane mwembamba, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Usingizi ulimwacha tangu alipofiwa na mumewe. Aliamka kabla ya majogoo, akajifunga kitenge, akazunguka mashambani peke yake kutazama udongo umelalaje, akarudi kufagia wakati wengine ndio kwanza wanajinyoosha. Kijiji kizima kilimjua hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Watu wakikupenda, kuamka kwako mapema wanakuita uchapakazi.

Mwezi wa tisa, upepo wa vumbi ukiwa umechachamaa, shemeji yake Tadei alishuka kwenye Fuso ya mahindi akiwa na mbwa. Tadei alikuwa mlinzi wa ghala mjini Sumbawanga, amepanga mtaa wa Chanji. Sasa tajiri wake alikuwa anampeleka Mbeya, na mwenye nyumba hakutaka kubaki na mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa mkubwa, mweusi, kifua kama cha ndama, na jina lake Kamanda. Alikuja na mfuko wake wa chakula, umechorwa picha ya mbwa anayecheka.

"Shemeji, huyu si mbwa wa makombo," Tadei alisema, akiupiga mfuko kofi. "Tangu alipoacha kunyonya hajala kitu kingine zaidi ya hiki. Ugali usimpe. Dagaa usimpe. Mfupa mbichi ndio kabisa, una minyoo."

"Na sisi tunaokula ugali tuna nini?" Mama Coleta aliuliza toka jikoni.

"Mama, nyie ni watu."

"Haya. Nilitaka kusikia tu."

Majirani walikuja kuona biskuti za mbwa. Zilikuwa punje kavu za kahawia, zinalia *kwa kwa kwa* mbwa akizitafuna. Felisiani, ambaye shamba lake lilipakana na la Mama Coleta, alichukua moja akaitia mdomoni, akatafuna taratibu huku watu wakimtazama. "Imekosa chumvi tu," alisema. "Siku nikikosa mboga, Mama Coleta, nitahamia kwako."

"Njoo, ila utalala nje ufunguliwe jioni ulinde."

Walicheka sana siku ile. Kabula alitia punje chache kwenye kopo la maziwa, akaliziba, akampa Amosi, mwanawe aliyekuwa ndio kwanza ameanza kukaa. Likawa kayamba lake.

Jambo moja tu lilimkera Kabula kuhusu Kamanda. Hakubweka. Alimtazama mtu. Ukipita anakutazama, ukirudi anakutazama, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayekukumbuka kutoka mahali ila hajui wapi.

Mfuko uliisha. Kabula alimpigia Tadei, Tadei akasema atatuma mwingine na basi, halafu simu yake ikawa haipatikani. Kabula alisonga ugali kidogo akauweka kwenye sufuria kuukuu ya mbwa. Kamanda aliunusa, akamtazama Kabula, akaenda kulala. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Alilamba ukoko kidogo, akauacha kwa kuku.

"Kwetu mbwa walikula nyama na mifupa mibichi," Kabula alimwambia mama mkwe wake. "Walikuwa na nguvu, mama. Walimkimbiza fisi."

Mama Coleta alikuwa anapepeta ulezi. Ungo ulisimama hewani. "Huku mbwa hapewi kibichi."

"Kwa nini?"

"Kibichi kinaita."

"Kinaita nini, mama?"

"Kinaita," alisema Mama Coleta, akaendelea kupepeta.

Kabula hakupenda kumbishia. Lakini mbwa alikuwa wa watu, tena wa shemeji, na akifa mikononi mwake ataambiwa nini? Siku ya kwenda Chala alipita buchani kwa Bundala, kijana wa kwao, ambaye kila akimwona alimsalimia kwa Kisukuma kwa sauti kubwa ili watu wajue ana dada.

"Mwangaluka, dada. Leo unataka steki au unataka kunitazama tu?"

"Mifupa. Ya mbwa."

Bundala aliweka panga chini. "Umekaa na Wafipa mpaka mbwa wao anakula nyama kukuzidi wewe." Hata hivyo alimfungia mifupa ya shingo na ya miguu, nyama imebaki imebaki, akakataa kulipwa, na akamwambia apite kila akija sokoni.

Jioni ile Kabula aliweka mfupa kwenye sufuria, akamfungua Kamanda kama ilivyokuwa desturi, akaingia ndani kwa kuwa Amosi alikuwa analia. Asubuhi sufuria ilikuwa tupu, safi. Alifurahi. Akawa anafanya hivyo kila jioni, na kila asubuhi sufuria tupu. Mama Coleta aliiona, akaguna.

Ila mbwa alizidi kukonda. Ukiwa mbali unahesabu mbavu. Manyoya yalisimama, macho yakaingia ndani. Na kila asubuhi Kabula alipomfunga, pua yake ilikuwa na udongo mweusi. Alimfuta kwa kitambaa, akidhani anafukua panya. Mbwa akamwangalia vile vile, kichwa upande.

"Anakula halafu anakonda," alisema mwanamke mmoja aliyepita kuomba moto. "Basi kuna mwingine anayekula kupitia kwake."

Usiku ulipoingia Kabula alivuta kitanda cha Amosi mbali na dirisha.

Mvua za kwanza zikashuka, na ukungu ukaja nazo, ule mzito wa Ufipa unaomfanya mtu asikie jembe la jirani bila kumwona jirani. Watu walipasua ntumba zao. Mama Coleta alipasua mapema kuliko wote, Kabula akimsaidia, na wiki ile ile upande wao wote ukawa umetawanywa, tambarare, mweusi. Shamba la Felisiani tu ndilo lilibaki na vilima vyake. Binti yake Angela alikuwa na homa isiyosikia dawa. Anaweweseka mchana, anaita watu wasiokuwepo. Felisiani na mkewe walikuwa wanampeleka hospitali Namanyere na kumrudisha, na jembe lilikuwa limelala.

Siku aliyoanza kupasua, Kabula alikuwa kwenye shamba lao anapanda. Alisikia jembe likipiga, halafu likanyamaza. Likapiga tena, likanyamaza. Kisha ukungu ukatoa sauti ya Felisiani, ya chini, kama ya mtu anayeongea na ng'ombe asimtishe.

"Njooni muone."

Ndani ya ntumba, katikati ya nyasi zilizooza, kulikuwa na mfupa. Haukuwa mkavu. Ulikuwa na nyama juu yake, nyingine nyekundu bado, nyingine imeanza kuwa kijani. Akapasua ntumba ya pili mbele yao. Mfupa. Ya tatu haikuwa na kitu. Ya nne, mfupa. Kila mmoja umelazwa vizuri, umefunikwa, udongo umesawazishwa juu kwa upole.

"Ni mbwa," mtu mmoja alisema.

"Mbwa gani anaacha nyama?" Felisiani aliuliza. Aliuinua mmoja kwa ncha ya jembe, akaugeuza. "Tafuteni hapa alama ya jino. Moja tu."

Haikuwepo. Kabula naye aliangalia, na moyoni alikubali. Kwao hakuwahi kuona mbwa akiacha nyama. Na wa kwake sufuria yake ilikuwa tupu kila asubuhi, alikuwa amekula.

Hakuna aliyetaja jina. Jina halitajwi hivyo. Lilianza kwa macho kutazama shamba la pili, lile tambarare, lililopasuliwa mapema kuliko yote, kana kwamba mwenyewe alijua asibaki na ntumba. Halafu likaja la mtoto anayeweweseka. Halafu mtu akakumbuka nani hutembea mashambani kabla ya majogoo. Jioni ile Mama Coleta alipofika bombani na ndoo yake, wanawake walimwitikia vizuri, wakampisha mbele ya foleni, na wakasogeza ndoo zao nyuma, kila mmoja kidogo, mpaka akabaki amesimama peke yake kwenye tope.

"Wananiheshimu siku hizi," alimwambia Kabula walipokuwa wanarudi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba yai.

Ignasi, mwenyekiti wa kitongoji, alipita kwa heshima kuwaarifu kwamba Jumapili baada ya ibada kutakuwa na kikao. Watu wanataka waitwe lambalamba, wale wanaozunguka vijijini wakidai wanafichua wachawi. "Mimi sisemi kitu, mama. Ni watu." Kabula alijua lambalamba wakishaitwa hawaondoki mikono mitupu. Na anayeonyeshwa kidole na lambalamba, hata akiachwa hai, nyumba yake haiachwi na paa. Zenon alikuwa Namanyere kwenye kibarua cha ujenzi; alipopigiwa simu alisema, "Mfungie vitu vyake vichache. Nitakuja nimtoe."

"Anitoe niende wapi?" Mama Coleta aliuliza alipoambiwa. "Mume wangu amelala hapa."

Lakini hilo siyo lililomtisha Kabula. Kilichomtisha kilikuja kesho yake jioni, jua halijazama, wamekaa jikoni, mama mkwe akiwa amemshika Amosi mapajani. Mtoto alikuwa anapewa uji wa ulezi na tonge dogo la ugali. Alikuwa na mchezo wake: anapokea tonge, analiweka shavuni, anakaa nalo kimya, halafu analitoa, analitia kwenye kiganja cha mama yake na kukifunga vidole kimoja kimoja.

"Mama Amosi," Mama Coleta alisema bila kuinua macho. "Je, kama ni mimi?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisikilize. Mimi silali. Nikilala silali vizuri. Siku nyingine najikuta nimesimama shambani, miguu imelowa, na sikumbuki kufungua mlango. Nilikuwa nasema ni uzee." Alitazama mikono yake kana kwamba ameikodi. "Mtu anaweza kwenda na asijue amekwenda. Bibi yangu alisema hivyo."

Moto ulilia kwenye kuni mbichi. Nje, Kamanda alikuwa amekaa mbele ya mlango, anawatazama wote wawili.

"Leo ukishaniona nimeingia," Mama Coleta alisema, "umwage majivu mlangoni kwangu. Mengi, mpaka uani. Asubuhi uyatazame wewe kabla yangu. Ukikuta mguu wangu, usinifiche. Nitaondoka mwenyewe kabla ya Jumapili, wasije wakawavunjia nyumba nyie."

Kabula alimwaga. Aliyasawazisha kwa mkono, meupe, laini, toka kizingitini hadi kwenye sufuria ya mbwa. Aliweka mfupa kama kawaida, akamfungua Kamanda, akaingia. Hakuweza kusali sala ndefu. Alisema tu, "Usiwe mguu."

Kulipokuwa kunapambazuka alitoka na Amosi mgongoni, tonge la kiporo shavuni mwa mtoto. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi chini ya paa. Alipiga magoti mbele ya mlango wa mama mkwe wake, akatazama.

Hakukuwa na mguu wa mtu. Kulikuwa na nyayo za mbwa, kubwa, zimepita mbele ya mlango bila haraka, na kando yake mchirizi mrefu, kama wa kitu kilichoburutwa ncha yake. Sufuria ilikuwa tupu. Toka kwenye sufuria hadi mwisho wa majivu hakukuwa na alama ya mahali mnyama alipolala kutafuna. Hakukuwa na hata chembe ya mfupa.

Alifuata. Majivu yalipoisha, tope lilipokea nyayo. Zilipita nyuma ya banda, zikakata shamba lao tambarare, zikaingia kwa Felisiani. Kabula alitembea ameinama, mkono mmoja umeshika mgongo wa mtoto. Vilima vilianza kumtokea ukunguni, kimoja kimoja, kimya, na kwa mara ya pili maishani aliviona makaburi.

Kamanda alikuwa kwenye kilima cha mwisho, karibu na mfereji. Alikuwa amekwisha kuchimba. Mfupa ulikuwa mdomoni, nyama yote juu yake, na mate yalikuwa yanamdondoka. Mbavu zake zilikuwa zinatetemeka kwa njaa. Aliulaza kwenye nyasi. Aliutazama. Kisha kwa pua yake akaanza kusukuma udongo juu, kidogo kidogo, upande huu, upande huu, akapigapiga kwa pua, kama mtu anayemfunika mtoto asije akaamka. Alipomaliza aliinua kichwa, pua nyeusi, akamtazama Kabula.

Amosi alicheka mgongoni. Hapo ndipo Kabula alipohisi vidole vidogo vikimfunga kiganja, na tonge lililolowa mate ndani yake, na akaelewa. Mtoto hatemi tonge kwa kuwa ni baya. Anampa mama amtunzie, kwa kuwa hajajua bado kwamba lile ni la kumeza. Na huyu hapa hajawahi kuuona mfupa tangu alipozaliwa. Anajua ni kitu kikubwa. Hajui kuwa ni chakula. Na yeye, Kabula, binti wa baba yake, aliweka na kugeuka, hakusimama hata jioni moja aone koo linapanda na kushuka.

Jumapili watu walitoka kanisani hawakuvua nguo nzuri. Walikaa kwenye uwanja wa Ignasi, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na ukungu ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Mama Coleta alipewa kigoda peke yake, katikati. Kabula alifika na Kamanda kwenye kamba, Amosi mgongoni na kayamba lake, na mfuko wa nailoni mkononi.

"Kikao hiki si cha mbwa," mtu alisema.

"Ni chake," Kabula alijibu. "Mifupa niliitoa mimi. Bucha ya Chala, kwa Bundala, mpigieni simu. Mama alinikataza kumpa mbwa kibichi, nikampa. Huyu ndiye aliyekuwa anaizika."

Felisiani alisimama. Alikuwa amekonda naye, macho ya mtu aliyekesha na mgonjwa. "Kwa hiyo ni wewe, Msukuma."

"Mifupa ni yangu, baba Angela. Ubaya si wangu."

"Mbwa haziki nyama akafa njaa. Hata mtoto anajua."

"Ukimwona?"

Alifungua mfuko, akatoa mfupa, akamwekea Kamanda chini, akamfungua kamba. Mbwa aliunusa. Aliwatazama watu, mmoja mmoja, polepole, na watu walianza kukwepesha nyuso. Muda ulipita. Alilala chini, kidevu juu ya mfupa.

"Ona," mwanamke mmoja alinong'ona. "Anamsubiri mwenyewe amtume."

Mama Coleta kwenye kigoda hakutikisika. Alikuwa anamtazama mbwa kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Ndipo Kamanda akainuka, akauchukua mfupa bila kuuma, akatembea. Watu walimpisha njia. Alipita katikati yao na nyama mdomoni, hakugusa mtu, akashika njia ya mashamba, na kijiji kizima kikamfuata kwa mbali na nguo zao za kanisani, kimya, kama wanaosindikiza jeneza.

Alizika mbele yao, kwenye ntumba ya Felisiani. Alipigapiga kwa pua.

"Na kama ni mbwa wa mchawi?" yule mwanamke akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Kabula alilichukua kayamba la Amosi, mtoto akaanza kulia, akakibandua kizibo kwa meno, akamwaga zile punje kavu kwenye majani mbele ya Kamanda.

Mbwa alizirukia. *Kwa kwa kwa.* Alitafuna hadi majani, hadi udongo, koo likipanda na kushuka, analia kwa ndani huku anakula. Zilipoisha alilitia ulimi kopo mpaka likamkwama puani, akazunguka nalo kipofu, akigonga miguu ya watu. Mtoto mmoja akacheka. Halafu mwingine. Felisiani alisimama anatazama lile kopo likizunguka, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Haikujulikana mara moja kama anacheka au analia.

"Imekosa chumvi tu," alisema mwishowe, na watu wakaangua kicheko.

Lambalamba hawakuitwa. Angela alitoka hospitali wiki iliyofuata, mwembamba ila anatembea, anaomba chungwa. Felisiani alipasua ntumba zilizobaki, akamrudishia Kabula mifupa kwenye ndoo, akisema pole huku akitazama pembeni. Moja tu hakuipasua, ile ya mwisho karibu na mfereji. Alipoulizwa alisema jembe limechoka.

Mama Coleta hakumruhusu mtu amguse mbwa. Aliichemsha mifupa mipya ya Bundala kutwa nzima mpaka supu ikawa nyeupe, akamimina juu ya ugali, akaupoza kwa mkono. Kabula alikaa chini, akampaka Kamanda supu kwenye fizi kwa kidole, kama alivyompaka Amosi uji. Wote wawili walijifunza mwezi huo huo, mtoto na mbwa. Kila jioni Kabula alisimama mbele ya sufuria mpaka amwone amemeza. Tadei alipoleta mfuko mwingine, Mama Coleta aliuweka darini. "Ni wa wageni," alisema.

Bombani wanawake walirudi kuongea naye. Waliongea sana, hata mno. Ndoo zao zilisogea mbele tena, ingawa si zote.

Na Mama Coleta hakuacha majivu. Kabula alidhani ataacha, kikao kimekwisha, mbwa ameonekana. Lakini kila jioni mwanamke yule aliyatoa mwenyewe jikoni, akayamwaga mlangoni kwake, akayasawazisha kwa kiganja, na asubuhi hakushika ufagio kabla hajainama kuyatazama. Hakusema anatafuta nini.

Asubuhi moja ulezi ukiwa umeshachipua, Kabula aliamka kabla yake. Ukungu ulikuwa umekaa uani. Kamanda hakuwa mahali pake. Alikuwa mbali, amelala juu ya ile ntumba isiyopasuliwa, sikio limelala udongoni, anatazama huku nyumbani. Kabula alifika kwenye mlango wa mama mkwe wake akasimama.

Kwenye majivu kulikuwa na mguu. Mmoja, wa mtu, mwembamba, kisigino kidogo, vidole vimeelekea mashambani. Wa kurudi haukuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani alisikia mtu akikohoa kidogo, akijizungusha kitandani.

Alilikumbuka lile neno, 'usinifiche.' Kisha akainama, akaufuta kwa ncha ya kitenge, akachota majivu jikoni, akayamwaga upya na kuyasawazisha kwa mkono, taratibu, upande huu na upande huu.

Mlango ulifunguliwa. Mama Coleta alitazama chini kwanza, ndipo akamtazama yeye.

"Umekuta nini?"

"Kuku tu, mama," Kabula alisema, akampa ufagio. "Shikamoo."